Wavujaji Hewa wa Sitirika

Kwanza unasikia kikohozi.

Hospitali yenyewe hujaiona. Umefika tu kwenye kona ya duka la majeneza, na tayari kinakujia juu ya ukuta: kikohozi cha watu wengi kwa mpigo mmoja, kama askari wanaopiga mguu chini. Halafu sauti ya mwanamume inasema, "Tena." Kikohozi. "Tena, kutoka tumboni." Kikohozi. "Nyie wa nyuma hamkohoi, mnasafisha koo."

Mgeni akisikia hivyo huziba pua na kuuliza kama Sitirika kuna kifua kikuu. Hakuna. Kifua kikuu kilipigwa marufuku zamani, kwa tangazo la redio, na tangu siku hiyo hakijaonekana kwenye taarifa yoyote. Wanaokohoa pale uani ni kina mama wasioweza kuzuia mkojo. Wako kwenye uhakiki.

Itabidi nieleze, maana najua baadhi ya wasomaji wanatoka katika nchi ambako mambo kama haya hayatokei kabisa, na watadhani natia chumvi.

Katika Jamhuri yetu ya Sitirika ugonjwa si ugonjwa mpaka upewe namba. Bila namba daktari hakugusi, mfamasia hakusikii, na hata kufa ni shida. Marehemu asiye na namba hubaki mochwari akisubiri, na ndugu zake huambiwa wasilie kwanza, wasije wakalia bure. Juu ya lango la hospitali kuu kumechongwa maneno haya: LISILOANDIKWA HALIJATOKEA. Msemo huo ulikuwa wa matabibu tu. Baadaye wakubwa waliona ni mzuri mno kuachiwa hospitali peke yake, wakaupeleka na kituo cha polisi.

Sasa, mkojo. Kitabu Kikuu cha Namba hakifanyi mzaha na mkojo. Kuna namba ya anayevuja akikohoa. Kuna namba ya anayebanwa ghafla akashindwa kufika mlangoni. Kuna ya anayevuja usingizini, ya anayedondoka tone kwa tone bila sababu, na ya anayevuja akicheka. Mwenye mawili kwa pamoja ana namba yake ya tatu. Asipoiomba hiyo akaomba zile mbili, hufutiwa zote na kuandikwa kuwa ni mlafi.

Daktari akiandika tu "anavuja", jalada hurudi na swali la wino mwekundu: Anavuja nini? Akiandika "mkojo", linarudi tena: Wa nani? Daktari Tunu, bingwa wetu wa maradhi hayo, siku moja aliandika "wa kwake mwenyewe, hakuazima". Alipewa kalipio la maandishi kwa kutumia lugha isiyo ya kitaalamu.

Lakini hata namba isingekuwa tabu kubwa kama si suala la hewa. Serikali ilikuwa imegundua wafanyakazi hewa waliokuwa wakilipwa mishahara, na wanafunzi hewa waliokuwa wakifaulu mitihani. Huko kusini iligundua daraja hewa, ambalo Mheshimiwa mmoja alikuwa ameshalizindua na kukata utepe. Hapo Waziri wa Afya na Sitara, Mheshimiwa Tamambele, aliapa kwamba chini yake hapatakuwa na mgonjwa hewa. Kuanzia siku ile, anayedai kuvuja lazima aonekane akivuja, kwa macho, na Ofisa wa Namba, ndani ya Ukumbi wa Sitara, mchana kweupe.

Ukumbi huo una sakafu ya marumaru iliyoletwa kwa meli. Kwa hiyo ipo kanuni moja ndogo ya ustaarabu: kabla ya kuingia, kila mgonjwa aende kwanza chooni, amalize kabisa. Mlangoni anasimama mhudumu mwenye chaki. Ukisema umemaliza anakutazama usoni kwanza, kisha anakupiga alama kiganjani, na hapo ndipo unapita.

Unaingia. Unakohoa. Ofisa anainama anatazama sakafu. Sakafu inang'aa. Anaandika: Hajavuja.

Hivyo ndivyo Sitirika ilivyokuwa nchi pekee duniani isiyo na hata mvujaji mmoja. Wageni walikuwa wanakuja kujifunza. Walionyeshwa sakafu.

*

Mtaa wa Mkwajuni alikuwako msusi aitwaye Bi. Mashavu binti Kombo. Watu walivuka mji mzima kumfuata, na si kwa ajili ya nywele peke yake. Alikuwa na masimulizi, na alikuwa na kicheko. Kicheko chake kilianza polepole chini ya koo, kama jiko la mkaa linapopulizwa, halafu kikashika, na kikishashika hakuna aliyekuwa kibarazani akasalimika. Wapita njia walicheka wasijue wanacheka nini. Kuna mdai mmoja alikuja na hasira zake, akaondoka amesukwa.

Baada ya uzazi wake wa mwisho, kila alipocheka alilowa. Si kidogo. Akaanza kuvaa kanga tatu. Akaanza kukaa karibu na mlango harusini, kisha nje ya mlango, kisha akawa anatuma zawadi tu. Msibani alikuwa akikaa kwenye kigogo uani wakati wenziwe wako mkekani, na watu wakasema Mashavu siku hizi ana maringo. Mumewe alihamia chumba cha pili, halafu mji wa pili. Mwishowe akafunga kibaraza, maana msusi asiyecheka ni sawa na kinyozi, na wateja wakipiga soga yeye alikuwa anawakodolea macho kama hakimu.

Daktari Tunu alimpima akavua glovu.

"Dada yangu, hii inarekebishika," alimwambia. "Nipe asubuhi moja tu na mlango wa chumba cha upasuaji ukiwa wazi. Utacheka mpaka uchoke wewe, si kibofu."

"Basi fungua, mwanangu."

"Mlango unafunguliwa kwa namba. Ufunguo anao Bwana Namba."

Na hapakuwa na muda wa kusubiri. Daktari Tunu alikuwa amepewa uhamisho kwa sababu ya ile lugha yake. Kuanzia Jumatatu alitakiwa kuripoti Makumbusho ya Taifa, kitengo cha sindano za kale. Mwingine wa kuifanya kazi ile hakuwako nchi nzima. Chuo hakifundishi tiba ya ugonjwa usiokuwepo.

Bi. Mashavu akaenda dirishani kwa Bwana Namba. Jina lake la nyumbani ni Filemoni Chitete, ila hata mkewe humwita Bwana Namba, na yeye huitika. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza, inaungua kutokea upande gani.

"Umeandikiwa kuvuja kwa kicheko," alisema akisoma jalada. "Haya, cheka."

"Sasa hivi?"

"Ndiyo sasa hivi. Nataka nione kama unacho, kabla sijakupangia ukumbi."

"Baba, nicheke nini? Nimesimama hapa tangu asubuhi, miguu imevimba."

"Sababu si kazi yangu. Cheka."

Bi. Mashavu akajikaza. "Ha," akasema. "Ha."

Bwana Namba akatikisa kichwa. "Hicho kina mwelekeo wa kikohozi. Ukikirudia nitakuhamishia kwa wanaokohoa, na huko utaanza foleni upya. Unavuja ukicheka kicheko cha namna gani? Cha furaha, cha dharau, au cha kutekenywa?"

"Cha kucheka tu."

"Cha Kucheka Tu hakimo kitabuni. Nitakuwekea Furaha. Ijumaa uje ukumbini, Mheshimiwa Waziri atakuwepo. Na usihofu habari ya kitu cha kuchekea. Serikali imeliona hilo. Tunaye Mchekeshaji wa Serikali, Daraja la Pili."

"Wa Daraja la Kwanza yuko wapi?"

"Yuko ndani. Alichekesha."

*

Ijumaa ile ilikuwa imetangazwa kuwa Siku ya Ukavu wa Taifa. Mheshimiwa Tamambele alikuwa aje kuitangaza rasmi Sitirika kuwa nchi kavu. Kina mama wote wa uani walipangwa mistari tangu alfajiri, wakapelekwa chooni kundi kwa kundi, wakapigwa chaki. Kisha wakarudishwa chooni tena kwa tahadhari, kwa sababu mkurugenzi wa hospitali aliota ndoto mbaya.

Msafara wa Waziri ulichelewa. Kila kata njiani ilikuwa na haki ya kumpokea, na kila kata ilimpa dafu. Mheshimiwa hakatai dafu la mwananchi, ni mtu wa watu. Aliyanywa yote mbele ya kamera, akageuza kila moja juu chini ili ionekane hakubakisha.

Alipofika hospitali alimnong'oneza msaidizi wake jambo. Msaidizi akamnong'oneza mkurugenzi. Mkurugenzi akageuka rangi ya majivu.

Choo cha wageni mashuhuri kilikuwepo, kizuri, kina zulia. Lakini kilikuwa kimefungwa utepe. Kilikuwa kinasubiri kuzinduliwa na Rais mwenyewe, na itifaki ilikuwa imeshapitishwa: hakuna wa kukitangulia. Vyoo vingine vilikuwa vya wagonjwa, na Waziri kuonekana akiingia choo cha wagonjwa siku ile, na kamera zile, lingekuwa jambo la kueleza.

"Mheshimiwa ataanza na hotuba," msaidizi akasema. "Ni fupi."

Kwanza kwaya ya wizara ilimwimbia shairi lililotungwa na kamati.

Karibu Mheshimiwa, nchi yako 'mekauka,
Hatuna anayelowa, hakuna wa kumwagika,
Wagonjwa wamefutiwa, namba zao zimetoka,
Kisichoandikwa, hewa, wala hakitatajika.

Kamati nzima iliinama kupokea makofi. Mjumbe aliyetoa neno "hewa" aliinama zaidi.

Waziri akasimama kwenye kipaza sauti. Alikuwa hana budi kusimama, kwa kuwa kiti chake cha mahameli kilikuwa bado kinapigwa misumari chumba cha pili, na nyundo ilikuwa ikisikika katikati ya sentensi zake.

"Ndugu wananchi," alisema, "yapo mataifa makubwa, yenye ndege na manowari, ambayo watu wake wanavuja. Wanavuja ofisini, wanavuja mabungeni. Sisi tulithubutu. Tukasema, taifa haliwezi kujengwa na watu wanaolowa. Na leo nitazame huku, nitazame kule, naona nini? Naona marumaru."

Makofi.

"Wapo wanaobeza. Wanasema wagonjwa wapo. Mimi nawauliza, wako wapi? Wana namba gani? Kama mtu ana namba, na asimame hapa aitaje."

Alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza historia ya wizara tangu mkoloni. Kila mara alipofika "na kwa kumalizia" alibadilisha mguu wa kusimamia, akaanza upya, maana hotuba ilikuwa imeandikwa na mtu mwenye njaa ya kupandishwa cheo. Wahudumu walimjazia glasi ya maji kila ilipopungua. Alikunywa, kwa vile kutokunywa kungetafsiriwa.

Uani, kikohozi kiliendelea. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia waache.

*

Halafu ikaja zamu ya mfano hai. Mgonjwa mmoja alitakiwa ahakikiwe mbele ya mgeni rasmi ili taifa lijionee. Bwana Namba akamwita Bi. Mashavu binti Kombo, mdai wa namba ya kicheko. Mama akaonyesha kiganja chenye chaki, tena alama mbili. Akasimama katikati ya marumaru peke yake na kanga zake tatu, mikono haina pa kuwekwa.

Daktari Tunu alikuwa amesimama ukutani, mkoba wake wa makumbusho begani. Alimkazia macho Mashavu kama mtu anayemsukuma mtoto baiskeli.

Mchekeshaji wa Serikali, Ndugu Ponsiano, akatoka mbele amevaa tai. Akakunjua karatasi yenye mihuri.

"Palikuwa na mkulima," alisoma. "Mkulima huyo alipata mavuno mengi kutokana na sera nzuri. Jirani yake akamuuliza, je, umepataje mavuno mengi? Akamjibu, kutokana na sera nzuri." Akatulia, akatazama karatasi. "Hapa wanacheka."

Wakuu wa idara wakacheka. Bi. Mashavu aliwaangalia.

"Kichekesho cha pili. Sungura alimwambia fisi, twende tukalipe kodi. Fisi akakubali. Wakaenda, wakalipa." Ponsiano alipangusa jasho. "Kilikuwa kirefu zaidi. Kilipunguzwa."

"Mama, cheka basi," Bwana Namba alimnong'oneza, naye kalamu iko tayari. "Nakuomba. Nikiandika Hajavuja leo, jalada linafungwa moja kwa moja."

Mashavu alijaribu. Aliwaza mambo yote yaliyowahi kumchekesha tangu utoto. Lakini kicheko si mbuzi useme utakivuta kwa kamba. Midomo yake ilitetemeka, ila ilikuwa inaelekea upande mwingine kabisa, na Daktari Tunu aliinamisha uso.

Ndipo mlango wa pembeni ukasukumwa kwa kisogo na akaingia Kibwana Mlekwa, fundi makochi, amekumbatia kiti cha Waziri, misumari imejaa mdomoni. Alikiweka chini, akatema misumari kiganjani, akafuta mahameli kwa kiwiko.

"Mheshimiwa, kaa, ila kaa kwa adabu, gundi haijakauka," alisema.

Waziri alikaa. Kwa jinsi alivyofumba macho ungedhani ni usingizi.

Kibwana akageuka aondoke, akamwona mwanamke katikati ya ukumbi.

"Aa," akasema. "Mtani."

Hapa lazima niseme jambo kuhusu sisi. Watu wa Bondeni na watu wa Mlimani ni watani tangu mababu zao wapigane, wachoke, wakubaliane kutukanana badala yake. Bi. Mashavu ni wa Bondeni, Kibwana ni wa Mlimani. Mtani akikusema hukasiriki. Akija msibani akalala kaburini mpaka umpe kitu, unampa. Serikali yetu imezuia mambo mengi, lakini hili haikuligusa, kwa kuwa hata baba yake Mheshimiwa Tamambele alizikwa na watani, na walimwambia Waziri maneno ambayo hayako kwenye taarifa.

"Mtani, na wewe uko hai?" Kibwana alisema. "Mimi nilisikia umekufa, nikaja na mkokoteni kuchukua kitanda."

"Sikupi kitanda changu, mwizi wa Mlimani," Bi. Mashavu akajibu. Utani hujibiwa hata kama unalia. "Mkikipata mtakifuga."

"Sikitaki tena. Nimekwenda kukiangalia, nimekuta kinaota mchicha."

Mtu mmoja nyuma alitoa sauti puani.

"Mchicha mzuri kweli," Kibwana aliendelea, taratibu, kama anayetoa ushahidi. "Nimewaita mabwana shamba. Wamesema Bondeni pote hakuna mvua, ila kwa Mashavu kuna skimu ya umwagiliaji."

Bi. Mashavu akaziba mdomo kwa kanga. "Nyamaza, mtani. Niko kazini."

"Nami niko kazini. Na ukifa, sisi wa Mlimani tumeshakaa kikao. Hatukuziki ardhini, utaharibu makaburi ya majirani. Tutakuzika ndani ya karai."

Jiko likashika.

Kilianza chini ya koo kama zamani, kikapanda, na Bi. Mashavu binti Kombo akacheka. Alicheka kicheko ambacho Mtaa wa Mkwajuni ulikuwa umekisahau, akajishika mbavu, akainama, machozi yakamtoka. Kikavuka marumaru. Kwaya ikacheka kwa sauti zote nne. Wakuu wa idara wakacheka bila ruhusa. Ponsiano alikaa chini akacheka huku anararua karatasi yake. Hata kule uani, kina mama wasiojua kinachoendelea waliacha kukohoa wakaanza kucheka.

Bwana Namba alipiga magoti, akatazama chini ya Bi. Mashavu kwa makini. Marumaru yalikuwa makavu. Alikuwa amepelekwa chooni mara mbili.

"Hajavuja," Bwana Namba alisema kwa huzuni, akaanza kuandika.

Na hapo akasikia tone.

Halikutoka kwa Mashavu. Bwana Namba aligeuza kichwa akiwa bado kwenye magoti. Mheshimiwa Tamambele alikuwa anacheka, amejikunja kwenye mahameli, anatikisa kichwa kusema hapana, hapana, na chini ya kiti cha Waziri wa Afya na Sitara madafu ya kata zote yalikuwa yanatandaa juu ya marumaru, polepole, mpaka kwenye kamera.

*

Kicheko kilikatika ukumbi mzima.

Wa kwanza kusema ni Bwana Namba. Mtu huyu alikuwa ameinamia sakafu kavu maisha yake yote ya kazi. Alisimama, akanyoosha shati, na sauti yake ilikuwa na heshima kubwa.

"Nimeshuhudia," alisema.

"Hukushuhudia," mkurugenzi akasema.

"Nimeshuhudia kwa macho, ukumbini, mchana. Kanuni zimetimia." Akafungua jalada jipya. "Mheshimiwa, samahani, ulikuwa umekaa au umesimama?"

"Bwana Chitete," msaidizi wa Waziri alisema akiuma meno, "funga hilo jalada."

"Amekaa," Bwana Namba akaandika. "Kicheko cha furaha, au cha dharau?"

"Na mahameli yangu," Kibwana alisema kwa sauti ya chini. "Nilisema gundi haijakauka."

Wakamtoa kila mtu nje isipokuwa waliokwishaona sana. Walibaki Waziri, msaidizi, mkurugenzi, Bwana Namba, Daktari Tunu, Bi. Mashavu, na Kibwana ambaye hakuna aliyeweza kumtoa kwa sababu ni mtani. Kamera zilichukuliwa kwa usalama wa taifa. Kamati ya dharura ikakaa pale pale ikisimama, na ndani ya muda wa kuchemsha chai Kitabu Kikuu kikapata namba mpya: Unyevu wa Uwajibikaji, kwa viongozi waandamizi tu. Maelezo yalisema huwapata wanaolibeba taifa. Namba hiyo haihitaji uhakiki. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa kabla wino haujakauka. Mimi nilidhani mlango ule ni mzito. Kumbe ni mwepesi kabisa.

"Daktari," Waziri alisema, amefunikwa joho la kwaya kiunoni. "Nasikia wewe ndiye bingwa."

"Mimi ni wa sindano za kale, Mheshimiwa."

"Uhamisho umefutwa."

"Kwa Jumatatu tu, au kabisa?"

"Unitibu kwanza, ndipo tuongee."

"Kwa utaratibu, Mheshimiwa," Daktari Tunu alisema bila kutabasamu, "uende chooni, umalize kabisa, upigwe chaki, kisha urudi ukohoe."

Msaidizi alikohoa kwa niaba yake. Waziri akamgeukia Bi. Mashavu, na nitasema kweli, alizungumza naye vizuri, kama mtu anayejua baridi ya nguo iliyolowa.

"Mama yangu, wewe unaijua hali hii."

"Naijua, baba. Ukisimama, vuta joho kwa nyuma. Linaonyesha."

Akalivuta. "Nisikilize. Hiyo namba yangu nitakupa na wewe. Kwa siri. Unaingia leo hii, Daktari anakurekebisha, kesho unarudi kibarazani kwako unasuka. Utasaini mahali pamoja tu kwamba leo hukuona kitu, na kwamba hutacheka tena penye kiongozi."

Daktari Tunu alimtazama Mashavu. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na taa ya chumba cha upasuaji ilikuwa imewashwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mashavu aliangalia kitanda kile kwa muda. Mimi ningekuwa yeye ningeshapanda.

Uani, yule mwanamume anayewakohoza alikuwa amekwisharudi kazini. "Tena," alisema. Kikohozi.

"Na wale?" Bi. Mashavu aliuliza.

"Wale hewa," mkurugenzi akasema haraka.

"Mama Tabu yuko pale mstari wa kwanza. Nilimsuka harusini kwake. Mwaka wa ngapi sijui huu anakojolea godoro, mkwe wake amemjengea kibanda nje. Hewa haijengewi kibanda."

"Tutawaundia kamati," Waziri alisema.

"Saini, mama," msaidizi akamsogezea karatasi. "Mlango hautakaa wazi siku nzima."

Kibwana alijikuna. "Mtani, saini bwana. Ukipona mimi nitakucheka kwa lipi?"

Bi. Mashavu alifungua kanga ya juu, ile kavu, akaikunja vizuri, akaenda akaiweka mapajani mwa Waziri wa Afya na Sitara kama anavyofanyiwa mgeni aliyelowa mvua. Kisha akarudi hatua moja nyuma ili amwone usoni.

"Mheshimiwa, kesho unafungua mashindano uwanja wa taifa. Nimeona mabango."

"Ndiyo," Waziri alisema kwa wasiwasi.

"Basi mimi nitakuja, na Mama Tabu, na wote wanaokohoa huko nje. Hatupiti chooni. Tutakunywa maji njiani kama wewe, tutakaa mbele kabisa, chini ya jukwaa lako, na mtani wangu huyu nitamweka katikati yetu aseme anachotaka. Tutacheka, baba, na tutalowa, wote, mbele ya watu, na Bwana Namba atakuja na kalamu yake aandike mmoja mmoja. Utajaribu kujizuia. Mimi nakijua kicheko changu, na wewe sasa unakijua. Hicho nilichokupa ni kanga tu, lakini hili ninalokupa ni ahadi: mpaka mlango ule ufunguke kwa wote, popote utakaposimama kusema nchi ni kavu, mimi nitakuwa pale nacheka."